Bawabu wa Mpunga

Mti hauna macho wala masikio. Adui akiujia hauwezi kukimbia kama swala, wala kupiga kelele kama watu, wala kujificha shimoni kama panya. Husimama pale pale ulipoota mpaka siku ya kufa kwake. Juu ya hayo, mmea hauna damu izungukayo mwilini, yenye chembe nyeupe za kupigana na maradhi kama zile zilizomo katika damu yetu. Lakini tazama shamba la mpunga. Hewa yake, maji yake na udongo wake vimejaa bakteria na kuvu wasiohesabika, na hata hivyo mashina mengi husitawi, hutoa masuke na kukomaa. Kusalimika ndiyo desturi ya mimea. Kuugua ni jambo la mara moja moja. Basi mmea hujuaje kwamba adui amefika? Na ukijua, habari hiyo huingia kwa mlango gani?

Nataka kukueleza, msomaji wangu, jinsi wataalamu walivyopata sehemu ya jibu. Ni habari iliyochukua zaidi ya miaka mia moja. Inaanza Japani, inapita Uingereza, Marekani, Mali, India na Ufilipino, kisha inafika kwenye migomba ya Afrika Mashariki. Katika habari hii yamo magugu yaliyodharauliwa, umo uvumbuzi uliosifiwa, na limo kosa kubwa lililotangazwa hadharani na wale wale waliolifanya. Najua wako wanafunzi wanaodhani kwamba sayansi ni orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Nakusihi uyaache majina yakupite ukipenda, bali uyashike mambo.

Katika mwaka wa 1884, huko Fukuoka katika kisiwa cha Kyushu, Japani, wakulima waliona ugonjwa mgeni katika mpunga wao. Majani yalianza kupata michirizi ya manjano kandokando, kisha yakageuka meupe kama karatasi na kukauka. Mwanzoni wakulima walidhani kwamba udongo ndio uliochachuka. Lakini mapema katika karne ya 20 wataalamu waliyatazama kwa hadubini matone machafu yaliyokuwa juu ya majani hayo, wakaona kundi kubwa la bakteria. Bakteria huyo ndiye aitwaye Xanthomonas oryzae. Huingia ndani ya jani kwa vidonda na kwa vitundu vidogo vya ukingoni vinavyotoa maji, akazaliana katika mishipa ya maji ya mmea, na jani hunyauka kama bomba lililozibwa.

Wakati huo kulikuwa na swali jingine lililowasumbua wakulima wa kila nchi: kwa nini katika shamba moja, chini ya mvua moja, mmea huu unaugua na ule wa jirani yake hauugui? Bwana Rowland Biffen wa Cambridge, Uingereza, alilijibu nusu yake katika mwaka wa 1905. Alizalisha ngano iliyougua kutu pamoja na ngano isiyougua, akawahesabu watoto na wajukuu wa mimea hiyo, akaona kwamba kinga hurithiwa kwa kanuni zile zile alizozieleza Mendel kwa njegere zake. Kumbe kinga si bahati, wala si wingi wa mbolea. Ni urithi, kama vile rangi ya ua ilivyo urithi.

Nusu ya pili ilipatikana Marekani, katika jimbo la North Dakota, ambako Bwana H. H. Flor alichunguza kitani na ugonjwa wake wa kutu tangu miaka ya 1930. Wenzake walitazama mmea peke yake. Yeye alitazama mmea na mgonjwisha wake pamoja, akafuata urithi wa pande zote mbili. Katika miaka ya 1940 alionyesha kwamba kwa kila jeni ya kinga katika kitani, iko jeni moja katika kutu inayolingana nayo. Jeni hizo mbili zikikutana, mmea hupona. Moja ikikosekana, mmea huugua. Ufunguo na kufuli! Lakini kufuli yenyewe ni kitu gani? Kimetengenezwa kwa nini, na kimewekwa wapi katika mmea? Flor hakuweza kusema, wala hakuna mtu aliyeweza kusema kwa miaka mingi baadaye, kwa sababu jeni ilikuwa bado ni jina la kitu kisichoshikika.

Sasa turudi kwenye mpunga. Mwaka wa 1960 ilianzishwa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga huko Los Baños, Ufilipino, na mwaka wa 1966 taasisi hiyo ikatoa mpunga mfupi uitwao IR8. Mpunga huo uliwashangaza watu kwa wingi wa mavuno yake. Haukuangushwa na upepo, na ulikula mbolea nyingi ukairudisha kwa nafaka. Lakini ulikuwa na ila moja: ulishikwa upesi na ule ugonjwa wa majani wa Fukuoka. Mahali palipopandwa mpunga wa namna moja eneo kubwa, bakteria naye alipata karamu kubwa. Haja ya kinga ikawa haja ya chakula cha mamilioni ya watu.

Kinga ilitoka mahali ambapo hakuna mtu aliyetazamia. Katika Afrika kuna mpunga wa mwitu uitwao kwa jina la kitaalamu Oryza longistaminata. Huota mabwawani na kando ya mito, tangu Afrika ya magharibi hadi kwetu Afrika Mashariki. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi kama ile ya sangari, nafaka zake ni chache na hupukutika kabla hazijavunwa, na ukiingia katika shamba la mpunga wa kupanda hauondoki kwa jembe moja. Mkulima huuita gugu, nami simlaumu. Mbegu za mpunga huo kutoka nchi ya Mali zilifika Asia kwa ajili ya utafiti. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Cuttack nchini India, mmea mmoja wa ukoo huo ulijaribiwa kwa aina zote za bakteria wa ugonjwa huo waliokuwako huko, nao haukushikwa na hata mmoja.

Kuipata kinga katika gugu ni jambo moja. Kuihamisha mpaka katika mpunga wa kuliwa ni jambo jingine. Kazi hiyo ilifanywa Los Baños chini ya Bwana Gurdev Khush, mzaliwa wa Punjab, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa mpunga waliopata kuishi. Ukizalisha gugu na mpunga mwema, mtoto hurithi nusu kwa nusu: anapata kinga, lakini anapata pia mizizi itambaayo na nafaka zipukutikazo. Basi mtoto huyo huzalishwa tena na mpunga mwema, na urithi wa gugu hubaki robo. Tena, ukabaki sehemu moja katika nane. Tena na tena. Kila kizazi sharti kitiwe ugonjwa kwa makusudi, yabakizwe mashina yasiyougua na kutupwa yaliyosalia, ili katika kupunguza magugu isipotee ile kinga yenyewe. Kazi hiyo ilichukua miaka kama 12. Katika mwaka wa 1990 Khush na wenzake walitangaza kwamba kinga yote ile ilitokana na mahali pamoja tu katika urithi wa mpunga, wakapaita Xa21.

Mwaka huo huo wa 1990 kulitokea jambo jingine, mbali na mpunga, ambalo litakuwa ufunguo wa habari yetu. Ili ulielewe, hatuna budi kutoka shambani kidogo tuingie ndani ya seli.

Ndani ya kila seli iliyo hai mna protini ziitwazo kinasi. Kazi ya kinasi ni moja, nayo ni rahisi kuieleza: huchukua chembe ndogo ya fosfeti na kuibandika juu ya protini nyingine. Unaweza kuifananisha na muhuri wa ofisini. Barua isiyo na muhuri hukaa mezani siku nyingi. Ikipigwa muhuri, kila karani huijali na kuifanyia kazi. Vivyo hivyo protini iliyolala huamka ibandikwapo fosfeti, na fosfeti ikiondolewa hulala tena. Jambo hilo lilivumbuliwa katika misuli na Edmond Fischer na Edwin Krebs huko Seattle, Marekani, katikati ya miaka ya 1950, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1992. Katika miaka ya 1980 ilikwisha kujulikana kwamba seli za wanyama zina kinasi za namna ya pekee: zimepenya ukuta mwembamba wa seli, upande mmoja uko nje, upande mwingine uko ndani. Upande wa nje hupokea habari. Upande wa ndani hupiga muhuri. Ndiyo maana huitwa vipokezi.

Je, mimea nayo inavyo? Wengi hawakuwa na hakika. Ndipo mwaka wa 1990 John Walker na Ren Zhang walipotangaza kwamba wamepata katika mahindi, naam, mahindi haya haya tunayosagia unga, jeni ya protini yenye umbo lile lile: sehemu ya nje, kipande cha kupenya ukuta, na kinasi upande wa ndani. Lakini hawakujua protini hiyo hupokea habari gani, wala kutoka kwa nani. Kwa hiyo protini za jamii hiyo katika mimea ziliitwa kinasi zilizofanana na vipokezi, na jina hilo la tahadhari limebaki hata leo, ingawa nyingi zimekwisha kuthibitishwa kuwa ni vipokezi kamili. Mimi hulipenda jina hilo kwa uaminifu wake. Lakini kwa kuwa ni refu, katika habari hii nitaziita mabawabu, maana bawabu husimama mlangoni, humtazama ajaye kwa nje, na kupeleka habari ndani.

Wakati huo Bibi Pamela Ronald, kijana aliyekuwa amemaliza masomo ya juu, alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akitafuta mahali hasa ilipo Xa21 katika urithi wa mpunga. Mwaka wa 1992 alihamia Chuo Kikuu cha California huko Davis, akaendelea na kazi hiyo pamoja na wenziwe, miongoni mwao Wen-Yuan Song. Walivikata vipande vya urithi wa ule mpunga wenye kinga, wakavitia kimoja kimoja katika mpunga dhaifu. Kisha wakafanya jaribio ambalo hata wewe ungeweza kulifanya: walichovya mkasi katika maji yenye bakteria, wakakata ncha za majani, wakangoja. Baada ya muda wa wiki mbili hivi walipima kwa rula urefu wa sehemu iliyokauka. Katika mashina mengi ukavu ulishuka jani kwa kirefu. Katika mashina yaliyopokea kipande kimoja fulani, ugonjwa ulikoma karibu na mahali palipokatwa na mkasi. Ndani ya kipande hicho ndimo ilimokuwa Xa21.

Waliposoma maandishi ya jeni hiyo, walikuta inatengeneza protini ya asidi amino 1,025. Upande wake wa nje una mikunjo 23 inayofanana, iliyopangwa mmoja baada ya mwingine. Kisha kuna kipande cha kupenya ukuta. Kisha, upande wa ndani, kinasi. Kufuli ya Flor ilikuwa ni bawabu! Habari hiyo ilichapishwa mwezi wa Desemba 1995. Yafaa ukumbuke tarehe hiyo, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba elimu ya mimea hufuata nyuma ya elimu ya wanyama. Katika mwaka wa 1996 ndipo ilipoonyeshwa kwamba protini iitwayo Toll humlinda nzi mdogo wa matunda na kuvu, na mwaka wa 1998 ndipo jamaa yake alipopatikana katika panya. Na uvumbuzi huo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2011. Mpunga ulikwisha kutangulia.

Bawabu hufanyaje kazi? Mengi yalijulikana kwa njia ya kijimea kidogo cha maabara kiitwacho Arabidopsis, jamaa ya haradali. Huko Basel, Uswisi, Bwana Thomas Boller na wenzake waligundua kwamba mimea huitambua mikia ambayo bakteria wengi huitumia kuogelea. Hata mkia mzima hauhitajiki; kipande cha asidi amino 22 tu chatosha. Wakiutia mche mchanga wa Arabidopsis katika maji yenye kipande hicho, mche hudumaa, kwa kuwa nguvu zake zote zimeelekezwa vitani. Basi wakatafuta miche iliyoharibika urithi wake ambayo haidumai, yaani miche viziwi, na kwa njia hiyo mwaka wa 2000 wakampata bawabu aitwaye FLS2. Naye ana mikunjo nje na kinasi ndani, kama nduguye wa mpunga.

Mwaka wa 2013 wataalamu wa Beijing walifaulu kuona umbo lake akiwa kazini. Kile kipande cha mkia hukaa kando ya mikunjo ya FLS2, kisha huja bawabu wa pili aitwaye BAK1, akashika upande wa pili wa kipande kile kile. Adui mwenyewe amekuwa gundi ya kuwaunganisha walinzi wawili! Nje wakikaribiana, na sehemu zao za ndani hukaribiana pia. Kinasi ya huyu humpiga muhuri yule, na ya yule humpiga muhuri huyu. Mara protini nyingine zilizo jirani hupigwa mihuri, nazo huzipiga zile za mbele yake, mpaka habari inafika katika kiini cha seli. Katika dakika chache kalsiamu huingia ndani ya seli, oksijeni za namna kali hutengenezwa, vitundu vya majani hufungwa ili bakteria wengine wasiingie, na jeni nyingi zilizolala huamshwa. Hakuna ubongo ulioamuru. Kila seli ina mlango wake na walinzi wake.

Wala mabawabu si walinzi wa vita tu. Mwaka wa 1997 Bibi Joanne Chory na Bwana Jianming Li, huko California, walimpata yule anayeipokea homoni ya kurefusha mmea. Asipokuwako, mmea hubaki kibeti mnene wa majani ya kijani kiwivu. Mwaka huo huo akajulikana mwingine anayepima ukubwa wa ncha ya shina inayozaa majani na maua. Mwaka wa 2003 wakatangazwa wale ambao, katika mizizi ya jamii ya kunde, husikia bakteria rafiki anapobisha hodi ili ajengewe vinundu vya kutengeneza mbolea ya nitrojeni. Arabidopsis, ambao ni mmea mdogo wa kuingia kiganjani, una jeni zaidi ya 600 za namna hii, na mpunga una zaidi ya 1,000. Mnyama hawakaribii hata kidogo kwa wingi huo. Labda ndivyo inavyompasa asiye na miguu.

Sasa nifike mahali pagumu pa habari hii. Bawabu XA21 alikwisha kujulikana, lakini je, ni nini hasa anachokitambua kwa bakteria? Bila hicho, kufuli ipo na ufunguo haupo. Mwaka wa 2009 Bibi Ronald na wenzake walitangaza kwamba wameupata: ni protini ndogo ya bakteria waliyoiita Ax21. Habari ilichapishwa katika jarida la Science, moja ya majarida yanayoheshimiwa kuliko yote, na watafiti wa nchi nyingine wakaanza kujenga kazi zao juu yake. Kisha watafiti wapya waliokuja katika maabara ya Davis walirudia majaribio yale, na majibu yakakataa kulingana. Walirudia tena. Walipochunguza tangu mwanzo, waliona kwamba kati ya bakteria waliohifadhiwa katika chupa, mmoja ameandikwa jina lisilo lake, na kwamba jaribio moja walilolitegemea sana halikutoa matokeo yale yale kila lilipofanywa.

Fikiri, msomaji, ungefanya nini. Hakuna aliyewashtaki. Jina lilikuwa limekwisha kujengwa, na fedha za utafiti hupewa wenye jina. Wangeweza kunyamaza, wakaacha wengine wahangaike miaka kumi katika njia isiyofika popote. Katika mwaka wa 2013 walifuta hadharani maandiko yao mawili, lile la Science likiwa moja, na Bibi Ronald akaeleza wazi jinsi kosa lilivyotokea. Yalikuwa maumivu makubwa kwa vijana waliokuwa wameanza kazi zao juu ya habari ile. Kwa maoni yangu ukurasa huu wa kufuta una thamani sawa na ule wa 1995, ingawa hakuna tuzo itolewayo kwa kufuta.

Wakaanza upya, safari hii wakirudia kila jaribio na kila chupa ikihakikishwa. Mwaka wa 2015 walitangaza ufunguo wa kweli, protini ndogo iitwayo RaxX. Jambo la ajabu ni hili: bawabu haitambui RaxX tupu. Sharti juu ya moja ya asidi zake amino, tairosini, pawe pamebandikwa salfeti. Ikiondolewa chembe hiyo moja, bawabu hutazama pembeni. Na kwa nini bakteria aitengeneze protini ya kumsaliti? Iligunduliwa kwamba RaxX inafanana sana na homoni ya mmea wenyewe, inayoamuru mizizi kukua. Yaani bakteria amevaa nguo za mtu wa nyumbani ili apitishwe bila kuulizwa. XA21 ni bawabu ambaye hakudanganyika na nguo. Huitikia RaxX na kuiacha ile homoni halisi ipite.

Ule mmea ulitoka Mali, na Mali ilipata nini? Swali hilo liliulizwa mapema, kwani Chuo Kikuu kiliomba hakimiliki ya jeni ya Xa21, na hakimiliki ni mali. Mwaka wa 1996 Bibi Ronald, akisaidiwa na Bwana John Barton, profesa wa sheria, alianzisha katika chuo chake mfuko wa kuzitambua nchi zilizotoa mimea: kampuni zitakazouza mpunga wenye jeni hiyo zingetoa sehemu ya faida, na fedha hizo zingesomesha vijana kutoka nchi kama Mali. Wazo lilikuwa jema, na lilikuwa geni kwa siku zile. Lakini kampuni hazikupeleka mpunga huo sokoni, na malipo yaliyotazamiwa kutoka kwao hayakuja. Ahadi iliyotegemea biashara ilianguka pamoja na biashara.

Hata hivyo bawabu mwenyewe alifika shambani, tena kwa njia ya zamani. Wazalishaji wa Asia walimhamisha kwa kuchanganya mbegu kama alivyofanya Khush, ila sasa, kwa kuwa maandishi ya jeni yalijulikana, waliweza kupima kipande cha jani cha mche na kujua papo hapo kama Xa21 imo. India ilitoa mpunga wa basmati ulioimarishwa hivyo mwaka wa 2007, na mwaka wa 2008 ukafuata mpunga upendwao wa Samba Mahsuri, ukiwa na Xa21 pamoja na jeni nyingine mbili za kinga. Kwa nini tatu? Kwa sababu bakteria naye hubadilika. Wako tayari wale ambao RaxX yao imegeuka hata XA21 hawatambui, na bawabu mmoja akipitwa, wengine wabaki mlangoni.

Na migomba? Mwaka wa 1968 wataalamu walieleza ugonjwa wa mnyauko uliopatikana Ethiopia katika ensete, mmea wa chakula ulio jamaa ya mgomba. Unaletwa na bakteria wa ukoo wa Xanthomonas, ndugu yake yule wa mpunga. Mwaka wa 2001 ugonjwa huo ulitokea katika migomba ya Uganda, na katika miaka michache ukaenea Kongo, Rwanda, Tanzania, Burundi na magharibi mwa Kenya. Majani huwa manjano na kuanguka, ndizi huiva kabla ya wakati wake na ndani huwa na rangi ya kahawia, na shina likikatwa hutoka ute wa manjano. Migomba ipandwayo na wakulima wetu haina kinga nao, tena haizai mbegu, kwa hiyo njia ya Khush ya kuzalisha na kuzalisha tena imefungwa. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto walioko Nairobi, wakiongozwa na Bibi Leena Tripathi, wakishirikiana na wale wa Davis, waliitia jeni ya Xa21 katika seli za mgomba, wakakuza miche, wakaitia ugonjwa. Mwaka wa 2014 walitangaza kwamba mingi ilistahimili.

Migomba hiyo ilijaribiwa katika vyungu, na haijafikishwa kwa wakulima. Kati ya banda la majaribio na shamba la mkulima kuna maswali ya sheria, ya usalama na ya ladha, na majibu yake hayatoki katika hadubini peke yake. Kwa sasa mkulima wa Busia au Bungoma hujilinda kwa kijiti chenye panda: mkungu ukishatoa chane ya mwisho, hulivunja ua dume kwa kijiti hicho, asilikate kwa kisu, maana wadudu huleta bakteria kwenye ua, na kisu huwachukua kutoka shina moja hadi jingine. Panga lake hulipitisha motoni kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine.